Ukiambiwa usilete siasa kwa michezo, uliza nani alizileta kwanza

Kuna sentensi moja inanichosha sana: "Msilete siasa kwa michezo." Husemwa kwa upole, kama ushauri wa mzazi. Lakini ukiangalia vizuri, huwa inaambiwa mtu mmoja tu, yule aliyebeba bango. Haiambiwi rais anayepeperusha bendera ya kuanzisha mbio. Haiambiwi mfalme anayekabidhi kombe. Haiambiwi waziri ambaye sura yake imejaa barabarani wiki nzima. Hao wote wako uwanjani kwa sababu wanapenda spidi, si ndio?

Leo nataka tuongee stori ya Bahrain, 2011 na 2012. Hapo ndipo hiyo sentensi ilijaribiwa mbele ya dunia nzima ikashindwa kusimama. Na wengi wetu tunaofuata langalanga tumeanza juzi. Tukisikia Sakhir tunafikiria mbio za usiku, taa kali na mchanga unaokula tairi. Kuna watu wakisikia Sakhir wanafikiria vitoza machozi.

Kisiwa chenye familia moja juu

Wakenya wengi wanaijua Bahrain kupitia riadha. Ruth Jebet alishinda dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji pale Rio 2016. Winfred Yavi akashinda mbio hizo hizo Paris 2024. Wote wawili ni wazaliwa wa Kenya, na wote walikimbia na jezi ya Bahrain. Kwa hivyo hii ni nchi inayojua vizuri kabisa michezo inaweza kulifanyia jina lake nini.

Kwa ukubwa ni kisiwa kinachozidi Kaunti ya Nairobi kidogo tu. Kimeunganishwa na Saudi Arabia kwa daraja la kilomita 25 lililofunguliwa 1986. Weka hilo daraja akilini, litatumika. Familia ya Al Khalifa imetawala huko tangu karne ya 18. Ni Waislamu wa Sunni, na raia wengi wa kawaida ni Washia. Hilo pekee si tatizo, watu huishi pamoja. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi Washia wamelalamika kwamba milango ya jeshi, polisi na vyeo vikubwa haiwafungukii.

Bahrain ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1971. Bunge la kwanza likachaguliwa 1973, na 1975 mtawala akalivunja. Watu wakakaa zaidi ya miaka 25 bila kupiga kura ya bunge. Miaka ya 90 kukawa na maandamano na kamatakamata. Halafu mtawala mpya, Hamad bin Isa, akaja 1999 na lugha tamu. Tarehe 14 Februari 2001 watu walipiga kura ya maoni kuhusu mkataba wa mageuzi, na asilimia 98.4 wakasema ndiyo. Watu walifurahi kweli.

Mwaka uliofuata akajitangaza mfalme na kutoa katiba aliyoiamua mwenyewe. Bunge la kuchaguliwa lilikuwepo, ndiyo, lakini likawekewa jingine kando lenye wanachama idadi ile ile, wote wakiteuliwa na mfalme. Waziri mkuu akabaki baba mdogo wa mfalme, mtu aliyekuwa kwa hicho kiti tangu uhuru. Kufikia 2011 alikuwa ametimiza miaka 40 bila hata siku moja kuomba kura.

Sasa unaelewa kwa nini vijana wa Bahrain walichagua tarehe 14 Februari 2011 kuingia barabarani. Ilikuwa miaka kumi kamili tangu ile ahadi.

Langalanga ilifika aje huko

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 4 Aprili 2004, Michael Schumacher alishinda Grand Prix ya kwanza ya Bahrain. Ilikuwa pia mbio ya kwanza ya Formula 1 kuwahi kufanyika Mashariki ya Kati. Uwanja ulijengwa jangwani Sakhir, kusini mwa Manama, na mchoraji wake alikuwa Hermann Tilke, yule Mjerumani aliyechora viwanja vingi vipya vya langalanga. Mradi ulikuwa wa ufalme, na aliyeusukuma mbele ni mwanamfalme Salman, mrithi wa kiti. Mwaka 2007 mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Bahrain ukanunua asilimia 30 ya kampuni ya McLaren.

Nchi hulipa ada kubwa kuandaa mbio kama hizo, na tiketi pekee hazirudishi pesa hiyo. Basi inanunua nini? Inanunua picha. Wiki moja kwa mwaka, mamilioni ya watu wanaona bendera yako, hoteli zako, barabara zako na mfalme wako akitabasamu na bingwa wa dunia. Mwekezaji anaona utulivu. Hiyo ndiyo bidhaa. Na mtu akinunua picha kwa pesa ya umma ili dunia imwone vizuri, tayari hiyo ni siasa. Hakuna mwandamanaji aliyeileta.

Februari 2011

Mbio za kufungua msimu wa 2011 zilipangwa Bahrain tarehe 13 Machi. Tunisia ilikuwa imeshamwondoa Ben Ali na Misri imemwondoa Mubarak. Vijana wa Bahrain walipanga maandamano yao mtandaoni, mengi bila kiongozi wa kuonekana. Unaijua hiyo staili.

Siku ya kwanza, tarehe 14, mwandamanaji mmoja aliuawa. Siku ya pili, kwenye mazishi yake, akauawa mwingine. Umati ukaenda kwa raundabauti ya Lulu, katikati ya Manama, penye mnara wa nguzo sita zilizoinama na kubeba lulu juu. Wakapiga hema. Walioenda walikuwa wengi wao Washia, lakini kauli yao ilikuwa kwamba hakuna Sunni wala Shia, kuna Mbahraini.

Usiku wa kuamkia tarehe 17, watu wakiwa wamelala ndani ya hema, polisi waliwavamia. Watu wanne walikufa. Hapo Sakhir kulikuwa na mashindano madogo ya GP2 Asia wikendi hiyo hiyo. Mazoezi ya siku hiyo yalisimamishwa kwa sababu wahudumu wa afya wa uwanjani walihitajika hospitalini Manama, na baadaye mashindano yote yakafutwa.

Tulia hapo kidogo. Gari la mbio haliruhusiwi kuwasha injini bila daktari kuwa karibu. Na madaktari walikuwa wanahitajika kwingine, kwa watu waliopigwa wakiwa usingizini. Kuna mtu bado anaweza kusema hayo mambo mawili hayakuwa yanahusiana?

Tarehe 21 Februari, mwanamfalme Salman akatangaza kwamba Bahrain haitaandaa mbio za Machi. Alisema nchi inahitaji kushughulikia mambo yake kwanza. Kumbuka, si waandamanaji waliozifuta. Ni mwenye mbio mwenyewe. Alijua picha aliyokuwa ameilipia ingetoka mbaya.

Walichovunja baada ya hapo

Tarehe 14 Machi, wanajeshi wa Saudi Arabia walivuka lile daraja, wakifuatwa na polisi wa Falme za Kiarabu. Siku iliyofuata mfalme akatangaza hali ya hatari ya miezi mitatu. Raundabauti ikasafishwa kwa nguvu. Tarehe 18 mnara wenyewe ukabomolewa, na mwendeshaji wa kreni, mfanyakazi kutoka nchi za nje, akafa ulipomwangukia. Hata sarafu ya fils 500, iliyokuwa na picha ya mnara huo, ikaondolewa kwa matumizi. Leo ukienda pale utapata makutano ya barabara yenye jina lingine. Serikali haikutaka hata chenji mfukoni ikumbushe watu.

Halafu ikaja zamu ya watu. Madaktari na wauguzi waliowatibu majeruhi walikamatwa, na mwezi Septemba mahakama ya usalama wa taifa ikawapa 20 kati yao vifungo vya kati ya miaka 5 na 15. Baadaye wengine walifutiwa makosa na wengine wakapunguziwa, baada ya kelele za dunia. Walimu walifutwa kazi. Wanafunzi walitupwa nje ya chuo.

Na wanamichezo je? Hapa ndipo ile sentensi inakuwa kichekesho. Alaa Hubail alikuwa straika wa timu ya taifa, mmoja wa wafungaji bora wa Kombe la Asia 2004. Yeye na ndugu yake Mohamed, pia wa timu ya taifa, walishiriki maandamano ya wanamichezo. Televisheni ya serikali iliwaanika hewani kama wasaliti, kisha wakakamatwa. Hata wafanyakazi kadhaa wa uwanja wa Sakhir walikamatwa na kufutwa kazi. Watu waliokuwa wakiandaa hizo mbio!

Kwa hivyo serikali iliyokuwa ikisema michezo ibaki michezo ilikuwa inawafunga wanasoka kwa sababu ya siasa zao.

Jaribio la kurudisha mbio

Ungefikiri hapo Formula 1 ingenyamaza hadi mwaka upite. La. Tarehe 3 Juni 2011, siku mbili tu baada ya hali ya hatari kuondolewa, baraza la FIA lilikaa Barcelona na kurudisha mbio za Bahrain kwenye kalenda, tarehe 30 Oktoba. FIA ndiyo shirikisho la dunia la mbio za magari. Ilikuwa imetuma mjumbe Bahrain, na ripoti yake ikasema mambo yametulia.

Watu waliruka. Ombi la mtandaoni likapata sahihi za mamia ya maelfu. Mark Webber wa Red Bull, mmoja wa madereva wachache sana waliothubutu kusema waziwazi, alisema haamini ni sawa kwenda. Timu zenyewe ziliandika kwamba kalenda hiyo haiwezekani, na zilitumia sababu za usafirishaji na ratiba, ile njia ya adabu ya kusema hatutaki bila kumkasirisha mtu. Baada ya kama wiki moja Bahrain ikajiondoa.

Mwezi Novemba 2011 ikatoka ripoti ya tume huru ambayo mfalme mwenyewe aliiunda, chini ya mwanasheria Cherif Bassiouni. Ilihesabu vifo 35 vilivyohusiana na machafuko kati ya katikati ya Februari na katikati ya Aprili, vikiwemo vya maafisa watano wa usalama. Ilisema watu watano walikufa kutokana na mateso wakiwa mikononi mwa serikali. Mfalme aliipokea hadharani na kuahidi kurekebisha.

Aprili 2012

Mwaka uliofuata mbio zilipangwa tarehe 22 Aprili. Serikali ikaja na kaulimbiu ya umoja, yaani taifa moja likisherehekea, na herufi za F1 zikachomekwa ndani ya neno lenyewe. Bango likawa kila mahali. Hapo ndipo mimi hucheka mtu akiniambia waandamanaji ndio waliochanganya. Kaulimbiu ya mbio ilikuwa siasa tupu, imeandikwa kwa herufi kubwa, na haikumsumbua msimamizi yeyote wa mchezo.

Wakati huo huo, Abdulhadi al-Khawaja, mwanzilishi mwenza wa Kituo cha Haki za Binadamu cha Bahrain, alikuwa amekaa zaidi ya siku 70 bila kula. Alikamatwa Aprili 2011, akapigwa hadi taya likavunjika, kisha akahukumiwa kifungo cha maisha. Alianza kususia chakula tarehe 8 Februari 2012 na akaendelea kwa siku 110. Wiki ya mbio hakuna aliyejua kama angeiona Jumatatu.

Vijana wakatangaza siku tatu za ghadhabu, kuanzia Ijumaa ya mazoezi hadi Jumapili ya mbio. Vijijini nje ya Manama usiku ulikuwa wa matairi yanayochomwa, mabomu ya petroli upande mmoja, vitoza machozi na risasi za chembechembe upande mwingine. Siwezi kukuambia kila kijana alikuwa malaika. Bomu la petroli linaweza kuua, na polisi pia ana mama. Lakini ripoti ya tume ya mfalme mwenyewe ilishaonyesha nguvu kubwa ilikuwa upande gani.

Jumatano, gari lililobeba watu wa timu ya Force India lilikwama katikati ya makabiliano wakitoka uwanjani, na bomu la petroli likaanguka karibu. Hakuna aliyeumia. Wafanyakazi wawili wa timu wakaamua kurudi nyumbani. Ijumaa timu ikaruka mazoezi ya pili ili watu wake wafike hotelini kabla ya giza.

Sasa ikawa hivi. Jumamosi, wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, watazamaji waliona kitu cha ajabu: magari ya Force India karibu hayakuonekani kwenye runinga, ingawa Paul di Resta alikuwa ameingia kumi bora. Timu ilisema inaogopa barabara, na ghafla gari zake hazikuvutia kamera. Unaweza kuita hiyo bahati mbaya. Mimi nina jina lingine.

Jumamosi hiyo hiyo, mwandamanaji mmoja alipatikana amekufa juu ya paa kijijini baada ya makabiliano ya usiku. Upinzani ulisema polisi walimpiga. Waandishi wa habari kadhaa wasio wa michezo walinyimwa viza, na kikosi cha Channel 4 ya Uingereza kikakamatwa siku ya mbio na kufukuzwa nchini. Jumapili barabara ya kwenda Sakhir ilipangwa magari ya kivita. Sebastian Vettel, ambaye mapema wiki hiyo alisema mambo mengi yamekuzwa tu, alishinda. Kimi Räikkönen akawa wa pili, Romain Grosjean wa tatu. Di Resta alimaliza wa sita.

Mbio ziliisha salama. Kwa kipimo cha ufalme, huo ulikuwa ushindi.

Maandamano yalisaidia nini?

Hili ndilo swali gumu, na sitaki kulipaka rangi.

Waandamanaji wa 2012 hawakusimamisha mbio. Hawakubadilisha serikali. Al-Khawaja hakutoka. Lakini fikiria bila hizo mbio nani angeandika kuhusu Bahrain Aprili hiyo. Syria ilikuwa inawaka. Marekani, yenye makao ya kikosi chake cha tano cha majini hapo Bahrain, haikuwa na haraka ya kupiga kelele. Nchi ndogo, rafiki wa wakubwa, ingesahaulika kabisa. Mbio zilileta mamia ya waandishi wa michezo, na hao walikuta moshi juu ya vijiji wakiwa njiani kwenda hotelini. Kurasa za michezo zikaandika majina ya wafungwa. Mfalme alilipia kamera, na raia wakazitumia bila kulipa. Ndiyo maana mtu aliyenyimwa bunge, gazeti na raundabauti huchagua siku ya mbio. Ndiyo siku pekee anayoonekana.

Upande wa pili una hoja, na tuisikie. Walisema mbio zinaleta ajira na watalii, na uchumi ukiumia anaumia mtu wa kawaida. Walisema mwanamfalme Salman ndiye mpole kwenye familia, anayetaka mazungumzo, na kumnyima mbio ni kuwapa nguvu wakali. Hoja ya ajira naiheshimu, najua maana ya kutafuta kazi. Lakini ajira za Sakhir hazikuwalinda wale wafanyakazi wa uwanja waliofutwa. Na kuhusu mpole, mbio zimekuwa zikirudi karibu kila mwaka, yeye amekuwa waziri mkuu tangu 2020, na chama kikubwa cha upinzani, Al Wefaq, kilivunjwa na mahakama mwaka 2016. Kama mbio zilikuwa za kuwapa wapole nafasi, nafasi hiyo ilienda wapi?

Si Bahrain pekee

Huu mchezo ni mzee. Mwaka 1958 Batista aliandaa mbio za magari Havana kuonyesha Kuba imetulia wakati waasi wa Fidel Castro wako milimani. Mkesha wa mbio, waasi walimteka hotelini Juan Manuel Fangio, bingwa mara tano wa dunia. Walimtunza vizuri na kumwachilia mbio zilipokwisha. Mbio zilifanyika bila yeye, lakini dunia ilikuwa inaongea juu ya waasi.

Mwaka 1985, Afrika Kusini ikiwa chini ya hali ya hatari na ubaguzi wa rangi, Formula 1 ilienda Kyalami. Timu za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikataa kwenda, na baadhi ya wadhamini waliondoa majina yao kwenye magari. Nigel Mansell alishinda. Baada ya hapo Formula 1 haikurudi huko hadi 1992, Mandela akiwa ametoka jela. Kwa hivyo kususia kunawezekana.

Na sisi je? Safari Rally tunayoipenda, ile vumbi ya Naivasha, ilianza mwaka 1953. Jina lake la kwanza lilikuwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kenya wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953, na mwishoni mwa Mei magari yakatoka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea taji. Walowezi wanapeperusha bendera, na Mau Mau wako msituni. Mtu wa Nyeri angepaza sauti kando ya barabara siku ile, nina hakika angeambiwa asiharibu sherehe.

Sisemi tuichukie Safari Rally. Tumeichukua ikawa yetu, na iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021 Wakenya walijaa Naivasha kwa mapenzi yao wenyewe. Ninachosema ni kwamba mbio za magari hazijawahi kuzaliwa bila siasa, hata hapa kwetu.

Tunaoangalia tufanye nini

Sisi ni watu wa Juni 2024. Tunajua inakuwaje barabara kujaa, halafu jioni mtu mwenye tai aseme mnaharibu jina la nchi na kufukuza wawekezaji. Ni maneno yale yale waliyoambiwa vijana wa Manama. Jina la nchi huharibiwa na anayepiga risasi, si anayehesabu waliopigwa.

Baada ya 2012, mambo kidogo yalisogea. Mwaka 2015 Formula 1 iliandika kwamba inaheshimu haki za binadamu kila inapoenda, na iliandika hivyo baada ya wanaharakati wa Bahrain kuishtaki kwa utaratibu rasmi. Kabla ya mbio za Bahrain za 2020, Lewis Hamilton alipokea barua kutoka kwa Wabahraini waliosema waliteswa. Akasema hadharani kwamba mchezo wake una tatizo la haki za binadamu katika nchi unazotembelea. Lakini mwaka 2018 mama mmoja alifungwa miaka mitatu kwa mambo aliyoandika Facebook, na miongoni mwake kulikuwa na maandishi ya kupinga hizo mbio. Serikali ilikana kwamba ni sababu ya mbio. Alitoka 2019 kwa msamaha wa mfalme. Mwaka 2024 mfalme alisamehe wafungwa zaidi ya 1,500, mamia kati yao wa kisiasa. Al-Khawaja hakuwemo.

Mkataba wa mbio za Bahrain sasa unaenda hadi 2036. Yaani mbio zimehakikishiwa miaka kuliko raia yeyote pale alivyohakikishiwa kura inayohesabika.

Mimi sitakuambia uzime runinga. Nitaangalia pia, napenda huo mchezo. Ila nikiangalia nitajua ile barabara inayoenda Sakhir ilipangwa nini Aprili 2012, na nitajua sarafu ya fils 500 ilikuwa na picha gani. Na dereva akivaa kofia yenye jina la mfungwa, au mtu akiinua bango kando ya uwanja, Bahrain au Naivasha, sitamwambia aache siasa. Nitamwuliza anasema nini.

Wewe ungemwambia aje?